Kizazi cha Saruji

Sisi tuliozaliwa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1950 tulilelewa ndani ya kuta za chokaa, na tulipopata pesa za mikono yetu tukajenga kwa saruji. Sijui njia iliyo fupi zaidi ya kukieleza kizazi chetu. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, nasi tukakua nacho. Matumbawe yale yale ambayo babu zetu waliyachoma juu ya magogo wakapata chokaa, kiwanda kiliyachoma kwa moto mkali zaidi kikatoa unga wa kijivu unaoshika usiku mmoja. Mtu mwenye watoto saba chini ya dari inayovuja hakuwa na subira ya kungoja chokaa ilowe shimoni miezi na miezi. Nalisema hili mapema kwa sababu wajukuu wetu, wanaoyapenda majumba ya kale na kuyapiga picha, wameanza kutuuliza: mliwezaje kuuacha Mji wa Kale ukafika hapa?

Swali lao nilikwenda nalo Siracusa.

Siracusa iko pwani ya mashariki ya kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia, na mpwa wangu ameolewa huko. Kila akipiga simu alinisihi, "Mjomba, njoo angalau mara moja, wewe Kiitaliano unakijua kuliko mimi nilivyokijua nilipofika." Kiitaliano nilikipata Malindi, kwenye mapokezi ya hoteli, kama vijana wengi wa wakati wangu. Waitaliano walianza kuizoea pwani ile katika miaka ya 1960, walipoweka majukwaa yao ya San Marco ya kurushia satelaiti kwenye bahari ya Ngomeni. Wahandisi walifuatwa na watalii, na watalii wakatukuta sisi, vijana tuliokuwa tunatafuta kazi, tukaishika lugha yao kwa sikio. Basi safari hii nilikuwa na kitu ambacho wageni wengi hawana: niliweza kukaa na mzee wa pale tukasemezana bila mkalimani.

Mji ulianzishwa na Wagiriki waliotoka Korintho, mnamo 734 KK kwa hesabu inayokubaliwa na wengi. Kitovu chake ni Ortigia, kisiwa kidogo kilichoungwa na bara kwa madaraja mafupi. Mimi mwana wa kisiwa sikuhitaji kuelezwa kitu. Vichochoro vimepindapinda ili jua lisiingie moja kwa moja, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia, na ukipotea, unafuata harufu ya bahari mpaka uione. Ukishavuka daraja unakutana na mabaki ya hekalu la Apollo la karne ya 6 KK, ambalo kwa nyakati mbalimbali limekuwa kanisa, msikiti, na kambi ya askari wa Kihispania. Pembeni yake ndipo lilipo soko. Nilisimama sana kwa muuza samaki mmoja aliyekuwa akimkata jodari. Alipitisha kisu kandokando ya uti wa mgongo, akainua pande zima jekundu, kisha akalifuta kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, hakuligusisha maji baridi hata tone. Marikiti kwetu mtu angemwagia ndoo. Jirani yake aliuza lozi za Avola, nyanya za Pachino zilizokaushwa juani, na kashata za ufuta na asali ambazo mtoto yeyote wa Lamu angezila akadhani zimetoka jikoni kwa nyanya yake. Waarabu waliuteka mji ule mwaka 878 baada ya kuuzingira miezi mingi, wakautawala hadi Wanormani walipokuja miaka mia mbili baadaye. Utawala wao ulikwisha zamani, ila ufuta na malimau viko sokoni hadi leo.

Kilichonishika zaidi ni kanisa kuu. Uso wake ni wa karne ya 18, wenye mapambo na masanamu, na mtu anaweza kuupiga picha akaenda zake. Lakini ukizunguka ukaufuata ukuta wa ubavuni, utaona nguzo za hekalu. Ni nguzo nene za mawe, zenye mifereji iliyochongwa kutoka juu hadi chini, za hekalu la mungu-mke Athena lililojengwa karne ya 5 KK. Hazikung'olewa. Wakristo wa karne ya 7 waliziba nafasi kati ya nguzo na nguzo kwa mawe, ukuta ukapatikana, wakaanza kusali. Wakati wa Waarabu, inasemekana, pakawa msikiti. Kisha pakawa kanisa tena. Matetemeko yameitikisa nyumba ile, na la 1693 likauangusha uso wake, wakajenga uso mwingine, lakini nguzo ziko palepale. Niliweka kiganja changu ndani ya mfereji mmoja wa nguzo. Jiwe lilikuwa vuguvugu, na limelainika mpaka urefu wa bega la mtu, maana kila apitaye hufanya nilivyofanya mimi.

Watu wa dini mbalimbali, waliopigana vita vya kweli na kuuana, waliirithi nyumba moja na kila mmoja aliiongezea chake. Siamini kwamba walifanya hivyo kwa upole. Jiwe lilikuwa ghali. Kulichimba, kulikata na kulipandisha ilikuwa kazi ya kuua watu, na machimbo ya Siracusa yanalitolea ushahidi hilo: mwaka 413 KK mateka wa Athene, maelfu yao, walifungiwa humo baada ya kushindwa vita, na wengi walikufa kwa jua, baridi na njaa. Aliyepata nguzo iliyokwisha kusimama hakuwa na sababu ya kuibomoa. Sisi ndio kizazi cha kwanza, huko na huku kwetu, ambacho kubomoa kulikuwa rahisi kuliko kutengeneza. Jambo hilo tunapaswa kulitazama vizuri kabla hatujalaumiana.

Kuna uhusiano mwingine ambao sikuutegemea. Ngome yetu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, mwenyeji wa Milano. Waliojenga walikuwa Wareno, lakini Ureno wakati huo ilikuwa chini ya Felipe wa Pili wa Uhispania, na mfalme huyohuyo ndiye aliyekuwa mfalme wa Sisilia. Yaani mkono uliotia saini ya ngome yetu ndio uliotawala kuta za Ortigia. Kuta zile nyingi zilibomolewa katika karne ya 19, baada ya Italia kuungana, ili mji upate kupumua na kupanuka. Yetu ingali imesimama, na tangu 2011 imo katika urithi wa dunia. Nilimweleza hayo mume wa mpwa wangu, fundi umeme na mtu wa maneno machache, akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Basi nyinyi mmetunza kuliko sisi." Sikujua nimjibu nini, maana ngome hutunzwa na serikali. Nyumba za watu zinamtegemea nani?

Kando ya chemchemi ya Aretusa, ambapo maji yanabubujika hatua chache kutoka baharini na mafunjo yameota katikati ya birika, kuna mabenchi ambayo asubuhi hukaliwa na wazee. Nilizoea kukaa hapo. Mmoja wao, karibu rika langu, alinisogelea baada ya kunisikia nikizungumza na muuza magazeti. Alitaka kujua Kiitaliano nimekisomea wapi. Nilipomwambia Malindi, akasema binamu yake aliwahi kwenda, na kuanzia hapo tukawa watu wa barazani. Alizaliwa Giudecca, mtaa ambao Wayahudi waliishi mpaka watawala wa Kihispania walipowafukuza Sisilia kwa amri ya 1492. Chini ya nyumba moja ya mtaa huo, wakati wa ukarabati, lilifukuliwa birika lao la kujitoharisha, limechongwa chini kabisa ndani ya mwamba na maji yangali yakichuruzika.

Nilimuuliza kwa nini familia yake ilihama. Hakukasirika. "Mama alikuwa akibeba maji hadi ghorofa ya tatu," alisema. "Kuta zilitoka jasho. Kaka yangu alikuwa na kifua kibaya tangu utotoni. Zilipojengwa nyumba kule juu, zenye bafu ndani na lifti, watu walisema tumeukimbia mji. Tuliukimbia unyevu."

Kuanzia miaka ya 1950 na kuendelea Ortigia ilimwaga watu wake namna hiyo, wakapanda kwenye mitaa mipya ya zege upande wa bara, na kisiwa kikabaki na maskini, wazee na nyumba zilizofungwa kwa minyororo. Miaka ya 1990 ndipo ukarabati ulipoanza kuonekana, na 2005 Siracusa pamoja na makaburi ya miamba ya Pantalica vikaingia kwenye urithi wa dunia. Nyumba zikapanda bei. Nyumba ya mama yake yule mzee sasa ni ya kulaza wageni, yenye kisanduku cha kuwekea ufunguo mlangoni. Yeye huja kwa basi kila asubuhi kukaa kwenye benchi. Wajukuu zake wawili wako Torino, mmoja Ujerumani, ambako wajomba wa mzee huyo nao walikwenda zamani kufanya kazi za viwandani.

Maneno haya ningeweza kuyasikia barazani kwetu Kibokoni na nisigeuze shingo. Nasi tulihamia Tudor, Kizingo, Nyali na ng'ambo ya Likoni kwa sababu za haki: tuliwataka wake zetu wapate jiko lenye moshi unaotoka, na watoto walale bila kuvujiwa. Nasi tuna ndugu walio Muscat na Birmingham ambao kurudi kwao ni kwa harusi na matanga. Kijana anayemwambia babu yake kwamba aliuuza urithi kwa tamaa, na ajue kwanza ndoo ya maji ina uzito gani kwenye ngazi za mawe.

Yule mzee alifanya kazi kwenye viwanda vya kusafishia mafuta, kaskazini mwa mji. Mume wa mpwa wangu alinipeleka kuviona. Kutoka Siracusa hadi Augusta, kupitia Priolo na Melilli, ufuo mzima ni matangi, mabomba na dohani, na usiku taa zake zinaonekana mbali sana baharini. Kiwanda cha kwanza kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940, na katika miongo miwili kikawa na ndugu wengi. Kabla ya hapo ilikuwa nchi ya mashamba, mabwawa ya chumvi na uvuvi wa jodari. Mkulima aliyekuwa akilipwa kwa siku, na siku nyingine asipate, alipata mshahara wa mwezi, bima na likizo. Mzee wangu alinunua gari, akasomesha. Kisha bei ilianza kuonekana. Zebaki ilimwagwa miaka mingi katika ghuba ya Augusta, na madaktari wa huko walianza kusema wazi juu ya watoto waliozaliwa na kasoro. Kijiji kizima cha ufuoni, Marina di Melilli, kilihamishwa watu wake na kubomolewa kwa sababu hakikuwa tena mahali pa kuishi binadamu. Na katikati ya dohani hizo, ukiteremka kidogo, yapo magofu ya Megara Hyblaea, mji wa Kigiriki wa karne ya 8 KK, mitaa yake ikiwa bado inasomeka ardhini: uwanja ule, hekalu lile, nyumba ya fulani. Tulisimama pale na harufu ya mafuta puani. Mwenzangu akaniambia kwamba baba yake naye alifanya kazi humo na hakuwahi kusema neno baya juu ya kiwanda hadi alipokufa. Namwelewa marehemu. Mtu hawezi kuutukana mkono uliomlishia wanawe, hata kama anajua ulishika nini kingine.

Kusingizia kwamba wazee wa mkoa ule walikubali kila walicholetewa ni kuwadhulumu. Upande wa kusini uko mji wa Avola. Tarehe 2 Desemba 1968 vibarua wa mashamba waliokuwa kwenye mgomo waliziba barabara kuu mlangoni mwa mji. Walikuwa wanadai nyongeza, na walidai pia kuondolewa kwa jambo la ajabu: mkoa huohuo mmoja uligawanywa kanda mbili, na kibarua wa kusini alilipwa pungufu ya mwenzake wa kaskazini kwa kazi ileile ya kuchuma machungwa. Polisi walifyatua risasi. Wawili walikufa, wengine wengi wakajeruhiwa. Italia nzima ilisimama, na sheria ya haki za wafanyakazi iliyopitishwa Mei 1970 ina damu ya Avola ndani yake. Na zaidi kusini, kule Vendicari, palipokuwa na mpango wa kuleta viwanda vingine vya mafuta, watu walipinga, na tangu 1984 ni hifadhi. Heroe wanatua kwenye mabwawa yaliyokuwa ya chumvi. Waliofanya haya ni wa rika letu.

Sasa nifike Noto, kwa kuwa huko ndiko nilikopata jibu la wajukuu.

Noto ya kale ilianguka yote katika tetemeko la 11 Januari 1693, lililoua makumi ya maelfu ya watu kusini-mashariki mwa Sisilia. Walionusurika hawakujenga juu ya kifusi. Walihamia mteremko mwingine, kilomita kadhaa kutoka pale, wakachora mji mpya wenye barabara zilizonyooka na ngazi pana, wakaujenga kwa jiwe la rangi ya asali. Kanisa kuu la San Nicolò liko juu ya ngazi hizo. Usiku wa tarehe 13 Machi 1996 kuba lake liliporomoka, pamoja na sehemu kubwa ya paa. Hapakuwa na mtu ndani, alhamdulillahi.

Mafundi walipochunguza walikuta sababu kadhaa. Tetemeko la Desemba 1990 lilikuwa limezitia nguzo nyufa. Nguzo zenyewe zilikuwa na kasoro tangu mwanzo: nje mawe yaliyochongwa vizuri, ndani kokoto za mtoni na udongo dhaifu, ujanja wa wajenzi wa karne ya 18 waliotaka kumaliza haraka. Na juu ya nguzo hizo, katika miaka ya 1950, paa la mbao lilikuwa limetolewa, mahali pake likawekwa zege. Walioliweka walidhani wanaliimarisha kanisa. Zege ilikuwa ndiyo akili ya wakati ule. Lakini ilikuwa nzito, na haikunepa pamoja na jengo lililozoea kunepa.

Nilikaa kwenye ngazi zile nikawaza juu ya kuta zetu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Mvua ya masika inaingia, joto la kaskazi linaitoa, na chumvi hutoka nje pamoja na unyevu, ikaacha unga mweupe unaofutwa kwa ufagio. Kila baada ya muda chokaa inapakwa tena. Ukiupiga lipu ya saruji ukuta huo, unapendeza mwaka wa kwanza na wa pili. Maji bado yanaingia, kwa juu, kwa chini, kwa ufa usioonekana, lakini njia ya kutoka imezibwa. Chumvi inabaki ndani ikilila jiwe. Vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza mahali ambapo jicho halifiki. Siku lipu inapobanduka, inabanduka na nyama ya ukuta. Nyumba ngapi za Mji wa Kale zimekwenda hivyo, huku kila anayepita akisema ni uzee? Na Zanzibar nako, tarehe 25 Desemba 2020, nyumba ya Beit al-Ajaib ilianguka upande mmoja ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wakafa. Kila jengo lina ugonjwa wake na mimi si mhandisi, siwezi kulisemea lile. Ila nilipoona picha za vumbi likipaa Forodhani nililia, na nina hakika sikuwa peke yangu.

Kilichonitia moyo Noto ni walichokifanya baada ya kuanguka. Kulikuwa na hoja ya kujenga upya kwa njia za kisasa, kwa haraka. Walikataa. Waliamua kujenga kwa jiwe la pale pale na kwa chokaa, kwa namna ya zamani, ila safari hii nguzo zikajengwa kwa mawe hadi ndani, bila ule udanganyifu wa kokoto. Ilikuwa lazima wapatikane mafundi wa kuchonga, na vijana wakafundishwa kazi ambayo baba zao waliiacha. Iliwachukua miaka zaidi ya kumi; kanisa lilifunguliwa tena Juni 2007. Nikiwa ndani nilitazama juu kwenye kuba jipya, na nikafikiri kwamba kijana aliyelichongea mawe huenda alizaliwa kwenye fleti ya zege, mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani. Urithi ulimruka baba ukamfikia yeye, kwa sababu palikuwa na mzee mmoja wawili ambao bado walikuwa na patasi na wakakubali kuulizwa.

Ndivyo ninavyowajibu wajukuu. Swali la mliwezaje lina jibu, na jibu lake ni maji, moshi, kifua na mshahara. Swali lenye faida ni nani bado anajua.

Siku zangu za mwisho Siracusa nilikutana na kijana wa Kismayu. Mpwa wangu alimfahamu kupitia msikiti wanamosali. Aliponisikia nikisema Kiswahili alinyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, "Shikamoo, babu." Alifika kwa bahari, kupitia Libya. Hakunieleza mengi juu ya njia hiyo, nami sikumuuliza. Meli zilizookoa watu kama yeye zilikuwa zikiwashusha Augusta, na karibu na Augusta ndiko kilikoletwa chombo cha uvuvi kilichozama 18 Aprili 2015 na mamia ya watu tumboni, baada ya kuopolewa mwaka uliofuata ili maiti wapewe majina yao. Wengi hawajapewa hadi leo. Wana wa nani wale? Mmoja wao angeweza kuwa wa jirani yangu.

Kijana huyo majira ya machipuko huchimba viazi Cassibile, kijiji ambacho vitabu vya historia vinakitaja kwa kuwa hapo, 3 Septemba 1943, Italia ilitia saini ya kusimamisha vita na Washirika. Wanaokijua leo ni vijana wa Sudan, Morocco na Somalia wanaokuja kwa mavuno na kulala kwenye mahema. Viazi vikiisha, huchukuliwa kibarua kwenye ukarabati wa nyumba za Ortigia. Ndiye aliyenieleza, kwa mikono zaidi ya maneno, jinsi wanavyobandua saruji ya miaka ya 1960 kwa patasi ndogo, pole pole, wakifuata mstari wa jiwe, wakauacha ukuta uchi miezi mingi ukauke ndipo wapake chokaa. Haturuhusiwi kuharakisha, alisema, msimamizi hupita akauweka mkono ukutani. Babu yake mzaa mama, huko visiwani kwa Wabajuni, alikuwa mchoma chokaa. "Nilikuwa mdogo, nikiuchukia moshi," aliniambia. "Hapa wananilipa kwa jambo ambalo babu alitaka kunifundisha bure."

Nilimwambia juu ya kanisa dogo la Mai Mahiu, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Vijana wa watu, mbali na kwao, hawajui kama watarudi, na bado waliweka jiwe juu ya jiwe kwa unyofu. Barabara tunaipita hadi leo. Nilimtaka ajue kwamba kazi yake ndani ya kuta za Ortigia ni ya hesabu hiyohiyo, hata kama hakuna anayeliandika jina lake.

Nimerudi na jambo la kufanya. Nyumba ya babu yangu Kibokoni ina warithi wengi, kama nyumba nyingi za mtaa huo, na ndiyo sababu hakuna anayeigusa: kila mmoja anaogopa kutia pesa kwenye sehemu ya mwingine. Wapo wanaotaka kuuza. Wapo wanaotaka iwe ya kulaza watalii, na sina ugomvi na watalii, wamenilisha miaka yote, lakini nimeona Ortigia mtaa ambao usiku hauna taa dirishani nje ya msimu, na mpwa wangu akaniambia dukani hapauzwi tena maziwa bali sumaku za friji. Nimewaandikia ndugu zangu wote barua moja. Nimependekeza chini akae mpangaji mwenye familia, mtu wa mjini, kwa kodi anayoiweza, na kodi yote iingie ukutani. Nimependekeza tusianze na mlango wa nakshi, ambao kila mtu anaushangilia, tuanze na ukuta unaotazama mlango wa bahari, tuubandue saruji hadi usawa wa kiuno na kuuacha upigwe na upepo kaskazi nzima. Mafundi wawili wa chokaa ninaowafahamu wangali hai. Mmoja haoni vizuri, lakini chokaa huitambua kwa kuisugua kati ya vidole, na amekubali kukaa kwenye kiti na kufundisha iwapo vijana watalipwa, kwani hataki wanafunzi wanaokuja kwa kumwonea huruma. Wajukuu watatu wamesema watakuja.

Ndugu wa Muscat bado hajajibu. Wa Birmingham ameuliza swali moja tu, kwamba chokaa ya kuloweka inapatikana wapi siku hizi na kwa bei gani, na kesho asubuhi navuka feri kwenda Likoni kwa mchomaji mmoja niliyeelekezwa, nikamuulize.